Mwalimu Mgeni Aage Kabla ya Kuondoka

Miongoni mwa vitenzi tunavyovitumia kila siku pasipo kuvitafakari ni kitenzi kuaga. Wengi wetu hudhani kwamba anayeaga anatoa habari tu: kwamba anaondoka, asitafutwe. La hasha! Anayeaga kwa Kiswahili haarifu, bali anaomba. Anaomba ruhusa ya kuondoka, na mwenyeji wake ana haki ya kuikawiza ruhusa hiyo, kama wafanyavyo akina mama wengi wanapomwambia mgeni kwamba hapa haondoki mtu kabla ya chai kuiva. Aondokaye pasipo ruhusa hiyo, hata akiacha barua mezani na anwani mlangoni, lugha yetu ina neno lake: ametoroka.

Nimelazimika kulitafakari neno hili kwa kuwa zamu yangu ya kuaga imewadia. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa mkoa wa Tanga, na kwa miaka tisa nimekuwa nikifundisha isimu katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi huku nikiishi Kitengela. Mkataba wangu unakwisha pamoja na muhula huu, nami nitarejea nyumbani kwa barabara ileile iliyonileta, kupitia Isinya, Kajiado na Namanga hadi Arusha na kwingineko. Wasomaji wa ukurasa huu wengi ni walimu na wanafunzi, na naamini watanivumilia nikiutumia msafara wangu mdogo kama mfano wa jambo kubwa zaidi. Hoja yangu ni kwamba kuaga ni sehemu ya kazi ya ualimu, wala si adabu ya ziada. Na kwamba mwalimu aliyefundisha ugenini anadaiwa mambo matatu kabla hajafunga mizigo yake. Mambo hayo ni ruhusa, buriani na agano.

Kwa msomaji asiyeufahamu, Kitengela ni mji ulioko takriban kilomita 30 kusini mwa Nairobi, katika Kaunti ya Kajiado, kwenye nyika inayopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyotengwa mwaka 1946. Zamani nyika hii ilikuwa malisho ya Wamaasai na mapito ya nyumbu na pundamilia. Leo ni mji wa nyumba za kupanga, maduka ya saruji na mabati, na matatu zinazoamka kabla ya jogoo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu hapa zaidi ya watu 150,000. Takriban kila mmoja wao ana kwao kwingine: Machakos, Murang'a, Siaya, Kakamega, Kisii. Hata Mmaasai mwenye nchi amejikuta mmoja miongoni mwa wengi. Katika mji wa namna hii Kiswahili si somo la darasani tu. Ndicho kinachomwezesha mtu kununua sukari, kuomba msaada usiku na kumzika jirani.

Nilipofika na shikamoo yangu ya Tanga, vijana walitabasamu na wazee wakanijibu kwa kunipa mkono. Baada ya miaka michache watoto wa ploti yetu walikuwa wakiniwahi kwa shikamoo kabla sijafungua kinywa. Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nililopewa mimi lilikuwa daftari: nilichaguliwa katibu wa kamati ya maji ya ploti, kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti, mwalimu hakosi kalamu. Maji ni jambo zito Kitengela. Bomba likikauka huagizwa lori, na lori likija lazima ijulikane nani amechanga na nani bado.

Basi nilipokwenda kumwambia mwenyekiti kwamba naondoka, hakunipa pole wala hongera. Aliniuliza: "Mwalimu, na daftari?" Nikamwambia nitalikabidhi. Akasema: "Ulikabidhi kwanza, umfundishe mwenzako hesabu zake, ndipo utuage. Sasa hivi hujaaga, umetuambia tu." Mtu huyu ni fundi wa mabomba, wala hajapata kusoma isimu. Hata hivyo alikuwa amefafanua kitenzi kuaga vizuri kuliko kamusi nyingi nizijuazo.

Hili ndilo deni la kwanza, deni la ruhusa. Ruhusa haipatikani kwa maneno matamu. Hupatikana wakati anayebaki anapoweza kuendelea pasipo anayeondoka. Majirani zangu wana hekima hiyo ndani ya lugha zao. Mkikuyu anayeondoka humwambia anayebaki tigwo wega, naye Mkamba humwambia tiwa nesa; maana ya yote mawili ni baki salama. Mjaluo husema oriti, neno lenye asili ya kulindwa. Tazama jinsi lugha hizi zinavyoigeuza shingo ya msafiri. Yeye ndiye mwenye safari, yeye ndiye mwenye tiketi na hamu ya kufika, lakini neno lake la mwisho linamhusu yule atakayebaki mlangoni.

Sasa tuingie darasani. Ni nani anayebaki mlangoni mwalimu wa chuo kikuu anapoondoka? Ni mwanafunzi wa uzamili aliyeandika sura mbili za tasnifu yake na anaingojea rai kuhusu ya tatu. Ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye alifanya mtihani, lakini alama zake hazionekani kwenye orodha. Hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya asiyelijua balaa hili la alama zisizoonekana. Vijana wamekosa kuhitimu pamoja na wenzao, wazazi wamelipa karo ya mwaka mwingine, na mara nyingi chanzo ni jambo dogo la kusikitisha: karatasi zilisahihishwa na mwalimu ambaye sasa yuko nchi nyingine, na aliyerithi ofisi yake hakurithi daftari lake. Mwalimu huyo pengine alifanyiwa sherehe, akakatiwa keki na kupigwa picha. Kwa mizani ya fundi wangu wa mabomba, hakuaga.

Nina wanafunzi sita wa shahada za juu ambao hawajamaliza. Nimemwendea kila mmoja pamoja na mwenzangu atakayemsimamia baada yangu, tukaketi watatu, tukaipitia kazi ukurasa kwa ukurasa, na mwanafunzi akapewa nafasi ya kusema anachohofia. Mmoja wao, binti anayechunguza majina ya mahali katika Kimaa, alinyamaza muda mrefu kisha akasema: "Mwalimu, mimi sina swali. Nilitaka tu kusikia ukimwambia mwenyewe kazi yangu ni nini, ili asije akaibadilisha." Nadhani alitamka lile ambalo wanafunzi wengi hulihisi. Mwanafunzi haogopi kubadilishiwa mtu. Anaogopa kubadilishiwa swali lake akiwa katikati ya njia. Mazungumzo ya saa moja ya watu watatu huweza kumwokolea miaka miwili.

Deni la pili ni la buriani. Siku hizi neno hili tumelifungia makaburini na katika matangazo ya vifo, ilhali maana yake ni pana. Kutakana buriani ni kuombana radhi wakati wa kuachana: nikukosee nilipokukosea, nikudai nilipokudai, tusameheane, kila mmoja aende akiwa huru na mwenziwe. Watu wa pwani waliposafiri kwa jahazi walijua kwamba upepo hauna ahadi, na huenda asirudi mtu. Kwa hiyo hawakutaka kubeba deni baharini. Sisi tunaosafiri kwa basi tumepunguziwa hofu ya mawimbi, lakini madeni tunayo yaleyale.

Mengine ya madeni hayo ni ya fedha, na dawa ya deni ni kulipa. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na steji amekuwa akiniandika daftarini kwake kila mwisho wa mwezi mshahara ulipochelewa. Nilikwenda tukalifungua daftari lile pamoja, tukajumlisha, nikalipa, naye akapiga mstari mrefu juu ya jina langu. Halafu akaongeza fungu la sukuma wiki kwenye mfuko wangu na kukataa pesa yake. "Mwalimu," akasema, "deni limekwisha, lakini usitusahau." Nilifahamu kwamba fungu lile lilikuwa na kazi. Mtu akimaliza deni lake lote kabisa, huenda asiwe na sababu ya kurudi.

Madeni mengine ni ya maneno. Katika mji wa Kajiado, kilomita 50 hivi kusini mwa Kitengela, nina rafiki anayefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Ni Mmaasai, na lugha yake ya kwanza ni Kimaa. Tulijuana katika warsha ya walimu, na tangu siku ile tumekuwa tukibishana bila kuchoka. Kila msomaji anaujua ule mzaha kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania bara, kikaugulia Kenya na kufia mbele ya safari. Rafiki yangu anauchukia mzaha huo, na ana haki. Watanzania tunausema kana kwamba lugha ni shamba la urithi lenye hati, na wengine wote ni wapangaji.

Ubishi wetu mkubwa ulihusu kitenzi kupatana. Nikwambie kwanza, msomaji, kwamba kwa Mtanzania watu waliopatana ni watu walioafikiana, ama baada ya ugomvi, ama baada ya kuvutana kuhusu bei. Lakini hapa Kitengela na Kajiado, na kwingi katika bara la Kenya, kupatana ni kukutana. Rafiki akikuacha steji jioni hukwambia: "Haya, tutapatana kesho." Katika miezi yangu ya kwanza nilijiuliza kila mara tumegombania nini. Rafiki yangu alishikilia kwamba kimofolojia neno lake halina dosari: mzizi ni pata, kiambishi cha kutendana ni -an-, na watu wawili wakipatana kila mmoja amempata mwenziwe. Nilimjibu kwamba mofolojia ni jambo moja na matumizi ni jambo jingine. Tumeandikiana karatasi kuhusu neno hilo, na baadhi ya maneno yetu hayakuwa ya upole.

Jumamosi moja nilikwenda kumuaga. Tulitakana buriani kwa kila neno kali lililotutoka katika miaka tisa, yeye kwa yake nami kwa yangu, kisha tukaendelea kubishana, maana kusameheana si kuacha kufikiri. Lakini nikiwa njiani kurudi niliona kwamba kitenzi chake kilikuwa na jambo la kunifunza kuhusu kuaga. Watu wanaoachana na kusema tutapatana wanaahidi kukutana tena, na kwa sikio la Mtanzania wanaahidi pia kuelewana. Maana hizi mbili si adui. Asiyekutana na mwenziwe hawezi kuafikiana naye.

Hapo ndipo ninapolifikia deni la tatu, ambalo ni agano. Isimu inatuonyesha kwamba kuaga, kuagana na agano ni maneno ya ukoo mmoja. Kuagana ni kupeana ruhusa, na pia ni kuwekeana ahadi. Agano ni ile ahadi yenyewe, na ndiyo maana watafsiri wa Biblia walilichagua neno hilo waliposema Agano la Kale na Agano Jipya. Waganda nao wanalo neno endagaano, lenye maana ya mkataba, na mzizi wake ni jamaa wa mzizi wetu. Wazee wa Kibantu walielewa kwamba saa ya kuachana ndiyo saa ya kuwekeana masharti: utarudi lini, tutapelekeana habari vipi, na nani atamtazamia mwenziwe mambo yake.

Rafiki yangu wa Kajiado alinipeleka kwa babake, mzee aliyepita miaka 80, nje kidogo ya mji. Nilimpa shikamoo, akaipokea, tukaketi kivulini. Nilipomweleza kwamba naondoka, hakuniuliza nitaondoka lini. Aliuliza: "Utarudi lini?" Nikasita. Akasema: "Mtu asiyesema atarudi lini hajaaga. Sisi tunajua mambo ya ahadi." Kisha akanisimulia habari aliyoisikia kwa babake mwenyewe, ambayo imo pia katika vitabu vya historia. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza iliagana na viongozi wa Wamaasai kwamba waiache nchi ya Bonde la Ufa, nao wapewe Laikipia upande wa kaskazini na eneo jingine upande wa kusini. Agano lile lilitakiwa kudumu maadamu Wamaasai wangalipo duniani. Lilidumu miaka saba. Mwaka 1911 likaja agano jingine, na Wamaasai wa Laikipia wakahamishiwa kusini pamoja na mifugo yao. Mwaka 1913 baadhi yao wakiongozwa na Ole Gilisho walikwenda mahakamani kudai haki yao, na kesi ikatupwa. Nchi ya Kajiado ni sehemu ya eneo lile la kusini. Jina lenyewe latokana na Kimaa, ol-kejuado, yaani mto mrefu.

Mzee hakunisimulia haya kwa hasira. Alitaka nifahamu kwamba katika nchi yake neno la kuagana lina uzito, kwa kuwa liliwahi kuchezewa. Alipomaliza alinitemea mate kidogo kiganjani, ambayo kwa Wamaasai ni baraka, akaniaga kwa neno moja: olesere. Nilimwambia mwezi na mwaka nitakaorudi. Sasa nadaiwa.

Msomaji ataniuliza: haya ya mama mboga na mzee wa Kajiado yana uhusiano gani na elimu ya Afrika Mashariki? Yana uhusiano mkubwa, na nchi zetu zina mifano miwili iliyo wazi mno. Mwaka 1963 kiliundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vyake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwalimu na mwanafunzi waliweza kutoka chuo kimoja kwenda kingine kama watu wanaovuka ua wa nyumba moja. Mwaka 1970 kilivunjwa, na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Lakini kilivunjwa kwa kuagana. Vyuo vilivyoachana viliacha kamati ya pamoja, ambayo mwaka 1980 ikawa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao Kampala. Baraza hilo lipo hadi leo.

Linganisha na yaliyoipata Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967. Ilikuwa na reli moja, bandari, posta na shirika moja la ndege. Ilipokufa mwaka 1977 hapakuwa na ruhusa wala buriani. Kila nchi ilishika kilichokuwa karibu na mkono wake. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Pale Namanga, ambapo ng'ombe na shemeji walikuwa wakivuka tangu zamani, watu walitazamana kwa zaidi ya miaka sita. Makubaliano ya kugawana mali ya Jumuiya yalitiwa saini mwaka 1984, miaka saba baada ya wenyewe kuachana, na wafanyakazi wengi wa zamani waliendelea kudai haki zao kwa miongo kadhaa. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Kwa hiyo wale walioagana mwaka 1970 hawakupoteana hata siku moja, na wale waliotorokana mwaka 1977 walihitaji miaka 22 ili kuketi tena meza moja.

Wapo pia walimu walionyimwa nafasi ya kuaga, na hao wanatufundisha thamani yake. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha West Indies nchini Jamaika mwaka 1968. Mnamo Oktoba alikwenda mkutanoni Kanada, na aliporudi serikali ya Jamaika ilimzuia kuingia. Wanafunzi wake walitoka barabarani, na ghasia zikazuka jijini Kingston. Alirejea Dar es Salaam mwaka 1969, akafundisha hadi 1974. Hapa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o alisafiri kwenda London mwaka 1982 kwa uzinduzi wa kitabu, na hakuweza kurudi. Alikanyaga tena ardhi ya Kenya mwaka 2004, na akafariki Marekani mwezi Mei 2025. Mĩcere Gĩthae Mũgo, aliyekuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliihama nchi mwaka huohuo wa 1982, akafundisha Zimbabwe na baadaye Marekani, ambako alifariki mwaka 2023. Wanafunzi wao waliamka wakakuta kiti kitupu. Hawa hawakutoroka, walifungiwa mlango wakiwa nje. Lakini kwa mwanafunzi aliyeachwa, ukimya ulikuwa uleule, na kizazi kizima kilijifunza kwamba mwalimu anaweza kutoweka na somo likaendelea kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Sisi tunaoruhusiwa kuaga basi hatuna udhuru. Mwalimu anayefunga mkoba wake kimya kimya kwa sababu anachukia machozi, au kwa sababu mkataba haukumtaka afanye zaidi, anawafanyia wanafunzi wake kwa hiari lile ambalo wengine walifanyiwa kwa nguvu.

Wako watakaosema kwamba zama hizi hakuna anayeondoka. Simu zipo, picha zinavuka mpaka bila pasipoti, na mwanafunzi aweza kumpata mwalimu wake Tanga kwa sekunde chache. Ni kweli, nami nashukuru. Lakini simu hurahisisha kutimiza agano. Haiwezi kuliweka mahali ambapo halikuwekwa. Mwanafunzi ambaye hakuambiwa kwamba anaruhusiwa kupiga simu hatapiga. Atasema moyoni kwamba mwalimu ameshakwenda, ana kazi nyingine, nisimsumbue. Wanafunzi wenye haya ndio wanaopotea kwanza, na aghalabu wao ndio wanaouhitaji msaada zaidi.

Ningependa kutoa mapendekezo matatu, na yote ni madogo. La kwanza, kila chuo kikuu kinachomwajiri mwalimu kutoka nchi jirani kiandike ndani ya mkataba kwamba mwezi wa mwisho ni wa kukabidhi: alama zote ziingizwe, tasnifu zote zipewe msimamizi mpya mbele ya mwanafunzi mwenyewe, na mihadhara iliyoandikwa iachwe maktabani. La pili, mwalimu aliyeondoka aruhusiwe kubaki msimamizi msaidizi wa wanafunzi aliowaanza, pasipo kuhitaji kibali kipya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walilitangaza eneo lote kuwa eneo moja la elimu ya juu. Hata hivyo mhadhiri bado huingia nchi jirani kwa kibali chenye tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikifika huonekana kana kwamba na akili yake pia imekwisha muda. La tatu ni la wanafunzi. Msimngoje mwalimu awaage. Mkisikia anaondoka, mwendeeni, mumwulize fundi wangu alichoniuliza: na daftari?

Mpaka wenyewe leo ni mwepesi kuliko ulivyokuwa. Pale Namanga kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi mwezi Desemba 2018, na msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja. Nitapita hapo nikiwa na masanduku mawili ya nguo na manne ya vitabu. Vitabu vingine nimewaachia wanafunzi, si kwa ukarimu tu, bali kwa sababu niliyojifunza kwa mama wa sukuma wiki: mtu aache kitu kitakachomlazimu kurudi.

Wenyeji wangu wa Kitengela na Kajiado, walimu wenzangu na wanafunzi wangu, nimekabidhi daftari la maji na daftari la alama. Aliye na dai ambalo sijalisikia, ningali hapa hadi mwisho wa muhula, na ploti yangu mnaijua. Niliyemkosea naomba radhi, na aliyenikosea nimemsamehe. Nimemwambia mzee wa Kajiado kwamba nitakuja mwezi Agosti mwaka ujao, kusikiliza utetezi wa tasnifu mbili na kumaliza ubishi wa neno moja. Naomba ruhusa. Tutapatana.